Pua Iliyogoma Wakati wa Joto

Chakula kiliungua karibu naye, naye hana habari. Alikuwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, ameligeuzia jiko mgongo, akimsimulia mumewe jinsi mafua yalivyomwachia hatimaye baada ya kumlaza kitandani wiki nzima. Ghafla mama mkwe akaingia mbio kutoka chumbani kwake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akazima jiko, akainua mfuniko. Moshi ukapanda mpaka darini.

"Mke wa mwanangu," akasema yule mama huku akipunga kiatu kufukuza moshi, "hapa unapika au unatengeneza mkaa?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulikuwa hapohapo umekaa."

"Mimi nimeshinda na mota za friji zilizoungua, Mama. Nilidhani harufu inatoka kwangu."

Mke hakucheka. Aliinama juu ya sufuria, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya siki, akaisogeza puani. Hakuna kitu. Akanusa sabuni ya vyombo, nusu ya kitunguu, hata shati la mumewe lililojaa mafuta ya mashine. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kulalamikia kidogo na kusahau. Lakini yeye mtaa mzima ulimwita Pua, na hiyo pua ndiyo iliyoiweka nyumba ile wima. Alikuwa muuzaji katika duka la vinywaji, duka la kona lenye milango ya vioo na feni moja iliyozunguka kwa kujivuta. Kila mwaka joto lilipoanza kupamba moto, alionja mvinyo wa bei ya chini, ule uliopangwa kwenye rafu ambazo mteja lazima ainame, akachagua michache iliyo mizuri kuliko bei yake. Kila chupa aliyoichagua aliivisha shingoni kadi aliyoiandika kwa mkono. Huu unywe na samaki. Huu weka kwenye friji asubuhi, jioni utakushukuru. Huu ni wa wageni wasiojua kuaga. Watu walinunua wamefumba macho. Mwenye duka alikuwa amepunguza wauzaji wengine wote akambakisha yeye, kwa sababu ya kadi zile tu.

Mumewe alikuwa fundi friji wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na sanduku lake la vifaa. Kipato chake kilikuwa cha leo kipo, kesho hakipo. Kwa hiyo usiku ule Pua alipolala chali akitazama dari, fundi naye hakuhitaji kuulizwa kwa nini yuko macho.

"Itarudi," akamwambia. "Mafua yakishaondoka, pua hurudi."

"Na isiporudi?"

Fundi akafikiri. "Basi utakuwa mwanamke pekee duniani ambaye hatalalamikia soksi zangu."

*

Mwenye duka alimpokea na glasi mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka za kudumu, anayetembea kana kwamba kuna mtu anamsubiri chumba cha pili.

"Pua, afadhali umepona. Joto limeingia, watu wanaulizia kadi. Na mimi nimepata huu." Akapapasa kreti zilizopangana nyuma ya kaunta. Kwenye lebo palichorwa korongo amesimama kwa mguu mmoja. "Mweupe, mkavu, nimeupata kwa bei ya kutupa. Onja."

Pua akaujua. Mwaka uliopita aliuuza mpaka ukaisha. Akaizungusha glasi, akaingiza pua, akafumba macho kama kawaida yake. Giza tupu. Akanywa. Ubaridi aliupata, na uchachu wa kuamsha mate aliupata, maana ulimi ulikuwa haujagoma. Mengine aliyatoa kwenye kumbukumbu.

"Limau," akasema. "Na majani yaliyokatwa asubuhi. Ni mzuri, utakata kiu."

Alijiambia si uongo mtupu. Korongo ni yuleyule, kampuni ni ileile, mvinyo utakuwa umebadilika nini? Mwenye duka akapiga makofi mara moja, akamsogezea kadi na kalamu. Kufikia mchana, korongo wote waliokuwa kwenye rafu walikuwa wamevaa kadi shingoni, na nusu yao walikuwa wameshaondoka na wateja.

*

Jumamosi duka lilikuwa limefurika. Watu walitaka barafu, walitaka soda, walitaka kitu cha kupeleka walikoalikwa bila kuaibika wala kufilisika. Pua alikuwa akimweleza kijana mmoja kwamba chupa nzito haimaanishi mvinyo mzuri, kwamba mara nyingi unalipia kioo tu, mara akamwona mwalimu mstaafu kwenye foleni. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mama mnyoofu aliyevaa miwani yenye mnyororo. Kifuani alikuwa amekumbatia chupa ya korongo iliyopungua kidogo sana.

Alipofika kaunta hakugomba. Alitoa kikombe cha plastiki kwenye mkoba, akamimina, akamsogezea.

"Dada, naomba unuse."

Pua akanusa. Akatabasamu tabasamu lake la kazini. "Mbona uko sawa, mwalimu. Limau, majani mabichi..."

Mwanamume aliyekuwa nyuma, amebeba kreti ya soda begani, akainama akanusa bila kualikwa. "Huu?" akasema. "Huu unanuka dari inayovuja."

Foleni ikacheka. Mama mwingine akaomba kikombe naye, akanusa, akakirudisha upesi akifuta pua kwa kiganja. Kikombe kikatembea kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyenusa alikunja uso, akamtazama Pua, kisha akatazama pembeni. Yeye peke yake alikuwa amesimama pale na limau lake na majani yake mabichi.

Mwalimu hakucheka. "Jana niliwaalika wenzangu tuliofundisha pamoja," akasema kwa sauti ya chini. "Nikawaambia huu umechaguliwa na mtu anayejua kazi yake. Wakanywa kidogo kidogo kwa adabu, hakuna aliyesema neno. Mpaka mmoja wao akaniuliza kama kuna maji."

Mwenye duka alitokea, akanusa, uso ukamshuka. Akamrudishia mwalimu pesa yake, akaomba radhi kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, akabeba chupa zote za korongo zilizobaki akazificha stoo. Alipompita Pua hakusimama.

"Jumatatu tutaongea," akasema.

*

Nyumbani aliwakuta fundi na mama yake mezani. Akavua viatu, akakaa, akasimulia kila kitu bila kuruka. Alipofika kwenye yule mama aliyejifuta pua kwa kiganja, akawaonyesha kwa kiganja chake mwenyewe.

"Mwambie bosi ukweli," fundi akasema. "Ulikuwa mgonjwa. Kuugua si kosa."

"Kuugua si kosa. Kuandika kadi ndiyo kosa. Na nikimwambia, anibakize wa nini? Wewe fundi asiye na mikono ungempa friji yako?"

"Ningempa tochi anishikie."

"Nilijua," akasema mama mkwe.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa akikunja nguo zilizokauka, na hakuacha kukunja.

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba pua imekufa. Ile dawa yangu ya kuchua magoti, kila nikiipaka unafungua madirisha yote kama nyumba inazama. Wiki hii nimejipaka sebuleni, nimejipaka jikoni, juzi nimejipaka nimekaa ubavuni kwako. Kimya. Nikasema huyu ama amenisamehe, ama hanusi. Na kunisamehe, sikutegemea."

Fundi akainamisha kichwa kuficha kicheko. Pua hakujua acheke au alie. Kwa miaka yote waliyoishi pamoja, mama mkwe hakuwahi kuiheshimu kazi ile. Aliieleza kwa majirani hivi: mke wa mwanangu analipwa kunusa vikombe. Sasa aliweka shuka lililokunjwa juu ya mengine, akalipapasa.

"Kesho lete hizo chupa zako," akasema. "Mimi magoti yamechoka na macho yamechoka. Pua haijawahi kufanya kazi yoyote, ni mpya kabisa."

*

Jumapili mchana waliketi kwenye meza ya jikoni, madirisha wazi, joto limejaa chumbani kama mgeni mnene. Fundi alijaza beseni barafu, akapanga humo chupa ambazo duka liliruhusu zionjwe, akajiteua mtu wa kizibuo. Chupa ya kwanza ilikuwa korongo, ileile aliyoirudisha mwalimu. Pua alitaka aanzie hapo.

Mama mkwe akaishika glasi kwa mikono miwili kama bakuli. Akanusa, akaisukuma mbali.

"Shemeji yangu mkubwa alikuwa na koti," akasema. "Lilinyeshewa, akalitia kabatini bila kulianika. Ni hilo."

Pua akafumba macho. Alilijua koti hilo. Ilikuwa harufu ya kizibo kilichooza, harufu ya katoni iliyolowa, kitu cha kwanza alichofundishwa kukiogopa. Mvinyo ulikuwa uleule, vizibo vya safari hii ndivyo vibovu, na mtu yeyote mwenye pua angelijua kabla hajaonja.

"Endelea, Mama."

Wakaendelea. Mama mkwe alinusa, Pua akaonja, kwa maana ulimi wake bado ulitofautisha uchachu na utamu na uchungu, mwepesi na mzito. Wa pili ulikuwa mweupe wa kifuniko cha kuzungusha, wa bei ya chini kuliko yote.

"Mikono," akasema mama mkwe. "Mikono ya mtu aliyemaliza kumenya chungwa."

"Uchachu wa kutosha, hauna sukari," akasema Pua akiandika. "Huu ni wa mchana."

Wa tatu, wa rangi ya waridi, mama mkwe akaukataa papo hapo. Unanuka pipi ya kudanganyia mtoto, akasema, na Pua alipoonja akakuta sukari imemwagwa humo kweli. Wa nne ulikuwa mwekundu mwepesi. Fundi alikuwa ameuacha nje ya beseni.

"Uweke kwenye barafu kidogo," Pua akamwambia.

"Mwekundu kwenye barafu? Watu si watatucheka?"

"Watu wanaunywa kwenye joto hili ukiwa vuguvugu kama supu, halafu wanasema mwekundu unaumiza kichwa. Uweke."

Uliporudi mezani umepoa, mama mkwe aliunusa kwa muda mrefu kuliko mingine yote. Glasi ikawa inapanda na kushuka. Akaunywa pia, ingawa kunywa hakukuwa kwenye makubaliano.

"Kuna matunda madogo, yale ya porini, unayachuma unatoboka vidole," akasema polepole. "Na kuna vumbi. Vumbi la njiani mvua inapoanza, kabla haijawa tope." Akashusha glasi. "Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza."

"Ningeulizaje, mwanangu, na wewe kila jioni unarudi umechoka, unafungua madirisha?"

Fundi aliona hapo pana mahali pa mwanamume kwenda kutafuta barafu zaidi, akaenda.

*

Jumatatu Pua hakungoja kuitwa. Alimkuta mwenye duka stoo akihesabu korongo wa kurudisha kwa aliyemuuzia, akamwambia yote akiwa amesimama: mafua, chakula kilichoungua, kadi aliyoiandika kwa kumbukumbu. Akamwambia na habari za mama mkwe.

Mwenye duka akakaa juu ya kreti. "Kwa hiyo nilikuwa na Pua isiyonusa. Sasa nikuiteje, Shavu?"

Ilimchoma, akaimeza. "Niite unavyotaka. Nimechagua miwili. Nipe mpaka mwisho wa wiki. Chupa ikirudi hata moja, nitaondoka mwenyewe, hutanifukuza."

"Na huyo bibi?"

"Nataka aandikwe kwenye kadi."

"Hapana. Hapo umechemsha. Hili ni duka, si kikao cha familia. Wewe andika kama zamani, yeye anuse huko nyumbani, nani atajua?"

"Mwalimu aliaibika mbele ya wenzake kwa sababu nilificha kitu," Pua akasema. "Sifichi tena. Kama kadi haiwezi kusema ukweli, basi chupa ziuzwe bila kadi."

"Watacheka."

"Wacha wacheke, mradi wawe wamebeba chupa."

Mwenye duka akamtazama, akatazama korongo, akatazama feni. Hakusema ndiyo. Alisema kalamu iko droo ya juu.

Kadi mpya zilikuwa na sehemu mbili. Juu: *Mama mkwe ananusa: mikono iliyomenya chungwa.* Chini: *Mimi naonja: mchachu, mkavu, wa mchana. Pua yangu inaumwa, ulimi ni mzima.* Wateja wa kwanza walicheka kweli. Mmoja aliisoma kwa sauti, akamwita mkewe aje asome. Yule wa kreti ya soda alisimama mbele ya mwekundu akasoma habari za vumbi na mvua, midomo ikichezacheza, akauliza, "Eti uwekwe kwenye friji?" Akajibiwa ndiyo, kidogo tu, usigande. Akachukua miwili.

Siku tatu zikapita bila chupa kurudi, lakini mwalimu hakuonekana. Pua alijikuta akigeuka kila mlango ulipofunguliwa. Alhamisi aliomba ruhusa ya mapema, akabeba chupa ile ya machungwa, akaenda kumgongea nyumbani.

Mwalimu alifungua mlango nusu.

"Mwalimu, sikuja kuuza," Pua akasema. "Nimekuja kukwambia kwamba siku ile nilikuwa sisikii harufu yoyote, nikaona aibu kusema. Aibu ile ikakufikia wewe. Naomba unisamehe."

Mwalimu akapokea chupa, akashusha miwani, akasoma kadi kwa makini kama anasahihisha. Alirudia sehemu ya juu mara mbili.

"Huyu mama mkwe," akauliza, "mnapatana?"

"Kwa mvinyo tu, mwalimu."

Mwalimu akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akaufungua wote. "Ingia. Kuna wawili kati ya wale wenzangu wako sebuleni. Waeleze wewe mwenyewe, mimi hawataniamini."

Pua akaingia. Ilimbidi aisimulie upya aibu yake mbele ya walimu wawili wastaafu na sahani ya karanga, na safari hii ilitoka kwa urahisi, mpaka akajishtukia anaigiza lile koti la shemeji. Chupa iliisha kabla hajaaga.

*

Msimu ulikuwa umekolea alipokuwa akipita kwenye geti la shule moja, mafundi wakilipaka rangi. Akawapita. Akasimama, akarudi nyuma. Akaweka uso karibu na lile geti hata fundi mmoja akamwonya atajipaka. Rangi. Kali, ya kuwasha macho, ya kuumiza kichwa, rangi mbichi kabisa. Alisimama pale akiinusa mpaka wakaanza kutazamana.

Hakwenda kumwambia mtu siku hiyo. Aliitembeza pua yake mjini kama mtu aliyevaa viatu vipya: mkate, petroli, mvua ya mbali, ubani wa mwanamke aliyempita. Jumapili ilipofika walikaa mezani kama walivyozoea, beseni, barafu, kizibuo. Duka lilikuwa limeleta mvinyo mwingine wa waridi. Mama mkwe alikuwa amevaa miwani na kitambaa safi; siku hizi alijiandaa.

"Mama," Pua akasema kabla glasi haijajazwa. "Pua imerudi."

Fundi akapiga meza kwa furaha. Mama mkwe akatabasamu, akasema ashukuriwe Mungu, mara mbili. Kisha akavua miwani, akaikunja, akasukuma glasi yake taratibu mpaka katikati ya meza.

"Basi mimi nimestaafu," akasema. "Nina nguo za kukunja."

Alikuwa ameshashika ukingo wa meza ainuke. Pua hakumzuia. Akamimina, akazungusha, akanusa.

"Tikiti maji," akasema. "Lililoiva, limekatwa sasa hivi."

Mama mkwe akabaki ameinama nusu. Akajitahidi kuvumilia, ikaonekana. Kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye glasi.

Akanusa mara moja. Akanusa tena, kwa kisirani.

"Tikiti gani hilo?" akasema. "Hii ni sabuni. Ile ndogo wanayowekewa wageni, ambayo hakuna anayeitumia."

"Mama, sabuni haiwezi kuwa na ubichi namna hii."

"Umeinusa lini wewe, na pua yako iko likizo tangu joto lianze?"

Wakamgeukia fundi. Fundi akanusa kwa uangalifu, akijua yuko hatarini. "Mimi nasikia mvinyo," akasema, na wote wawili wakamwambia anyamaze.

Mama mkwe alikuwa ameshakaa. Alivaa miwani yake, akaivuta glasi karibu, akamtazama mke wa mwanawe kwa huruma ya dhati.

"Mwanangu, hiyo pua uliyorudishiwa," akasema, "nenda kaibadilishe. Wamekupa ya mtu mwingine."

Na akasogeza glasi amiminiwe tena, ili amwonyeshe sabuni iko wapi.